"Ninauza dagaa" ni sell au selling?

Wewe unayeanza Kiingereza hapa Mwanza, -ing haitakusumbua kuibandika. Kila mtu anaibandika, hata pasipostahili. Kinachosumbua ni -na- yetu. Ukisema "ninauza dagaa", labda unataja kazi yako, labda mteja yuko mbele yako na unampimia. Kwetu msikilizaji anajiongeza. Kiingereza kinataka uchague: "I sell dagaa" ni kazi yako, hata ukiwa umejilaza nyumbani, "I am selling dagaa" ni sasa hivi, pale Mwaloni Kirumba, ndoo iko mkononi.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza "What do you do?", anataka kujua kazi yako, mjibu bila -ing. Akiuliza "What are you doing?", hapo ndipo -ing inapoingia. Ukisita, jaribu hu-. Kama ungeweza kusema "mimi huuza" na maana ikabaki ileile, achana na -ing.

Muundo ni mfupi: am, is au are, kisha kitenzi chenye -ing. Usiruke hicho kisaidizi, maana "I selling" haijakamilika. Make hudondosha e ikawa making, swim huongeza m ikawa swimming. Mengine utayazoea kwa kusoma.

Panapowakwamisha hata waliomaliza kidato cha nne ni -me-. Nenda kwenye kivuko cha Kamanga uangalie abiria. Mzee amesimama, mama amekaa juu ya gunia, kijana amevaa kofia, mtoto amelala mgongoni. Sasa sikia Kiingereza kinavyosema: "is standing", "is sitting", "is wearing", "is sleeping". Sisi tunahesabu kwamba kitendo kimekwisha, imebaki hali. Wenye Kiingereza wanaona hali bado inaendelea. Ukigeuza "amevaa kofia" kuwa "he has worn a hat", mwalimu atakukata maksi, na kwa haki kabisa. Haya yafanyie mazoezi kwa macho, ukiwa kwenye daladala, kuliko kukariri daftari.

Halafu kuna vitenzi visivyotaka -ing: know, want, understand. "I am not understanding" naisikia kila siku darasani. Sema "I don't understand".

Kuhusu kesho, pumua. "Kesho ninakwenda Ukerewe" ni "I am going to Ukerewe tomorrow", mradi safari umeshaipanga. Ila ukitaja meli yenyewe inayofuata ratiba, sema "leaves".