Kabla ya kumjibu mteja anayefoka: kwa wanaoanza kazi ya M-Pesa Kisumu

Ukianza kazi kwenye duka la M-Pesa karibu na soko la Kibuye utafundishwa floti (pesa ya duka ya kuhudumia wateja), kuangalia kitambulisho na kuandika kitabu. Hisia hufundishwi, na mara nyingi ndizo zinazoleta shoti, yaani upungufu wa pesa kwenye hesabu, jioni.

Chukua Jumapili, soko limefurika. Mama muuza omena aliyeweka pesa kwako dakika kumi zilizopita, kisha akaituma kwa simu yake, anarudi mbio: "Pesa yangu mmekula! Haijafika Mbita!" Mwili wako utajibu kabla ya mdomo: shingo inakaza, masikio yanapata moto, sauti inapanda. Acha simu, weka mikono yote miwili juu ya kaunta. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, mara mbili. Kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta hupunguza kasi ya moyo. Ni kama sekunde 20, na foleni haitakimbia.

Hapo hapo, kimoyomoyo, kipe jina unachohisi. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kila kitu wanakiita hasira. Kiswahili hakijatunyima maneno: kuna hamaki, kinyongo, uchungu, fedheha, gere, woga. Nyuma ya kaunta, kinachoitwa hasira huwa mara nyingi ni woga wa kukatwa mshahara, au fedheha kwa sababu foleni nzima inakutazama. Ukijua ni woga, utakagua rekodi. Ukidhani ni hasira, utatafuta wa kumrushia. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioieleza dhana ya akili hisia mwaka 1990, walianza na kutambua hisia, zako na za mwenzako, ndipo wakaja kwenye kuzidhibiti.

Usimwambie "tulia, mama". Yeye atasikia kwamba pesa yake si kitu kwako. Usianze kujitetea pia, hata kama kosa si lako. Rudia alichosema: "Mama, umetuma elfu tatu Mbita na mwenzako hajapata. Hebu tuone ujumbe." Soma naye jina la aliyepokea, kwa sauti ya chini. Mara nyingi ni tarakimu moja tu ya namba ya simu iliyokosewa. Basi aufowadi ujumbe huo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, papo hapo, kwa sababu yule mgeni aliyeipata akishaitoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu. Dakika tano za kubishana nani kakosea ndizo zinazompa nafasi ya kuitoa.

Chunga neno "pole". Kosa likiwa la mteja, au la bahati mbaya, pole inatosha. Likiwa lako, pole peke yake inakuweka kando kama mpita njia aliyeona ajali. Sema "nisamehe, mama, nilihesabu vibaya, hii hapa mia mbili yako", na usiongeze "lakini".

Mama akiondoka, mteja wa pili hana habari na yaliyopita, ila mikono yako bado inayo. Huyo ndiye utakayempa elfu mbili badala ya elfu moja. Kunywa maji, kisha hesabu noti mara mbili, ya pili mbele yake. Wateja watatu wanaofuata, fanya hivyo hivyo hata ukijiona uko sawa.

Nyumbani mambo ni yale yale, ila hakuna kaunta katikati. Ukifika Manyatta au Nyalenda ukiwa umejaa, sema mlangoni: "Nimechoka na ya kazini, si wewe. Nipe dakika kumi." Halafu rudi dakika ya kumi kweli, la sivyo maneno hayo yatakuwa kisingizio ndani ya wiki moja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliokukera usiujibu kwa sauti usiku; andika, lala nao, usome asubuhi. Na mwenzako akikuambia "hakuna shida" huku macho yake yako kwenye sufuria, shida ipo. Usimbane hapo hapo. Muulize kesho yake mkinywa chai, swali moja tu, kisha nyamaza mpaka amalize.