Kuwasimamia washauri wa kujitolea wakati wa Ebola

Mama, umeuliza jinsi ya kuwasimamia vijana kumi na wawili wanaofariji familia zilizo chini ya uangalizi wa siku 21 hapa Goma. Kwanza, wagawe: msimamizi mmoja kwa watu sita. Akiwa na kumi na wawili peke yake, atahesabu ripoti tu.

Watoke wawili wawili, saa nne kwa siku zinatosha. Jioni, kabla ya kupanda pikipiki kurudi mitaa ya Ndosho au Majengo, wakae dakika 15. Swali liwe moja: "Leo ni maneno gani yamebaki kichwani?" Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kumshurutisha mtu asimulie machungu yote siku ileile hakumsaidii, Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe halishauri. Idadi ya nyumba walizotembelea iandikwe pembeni. Ikiingia kwenye kikao hicho, kikao kimekufa.

Mchunguze anayetoa namba yake mwenyewe na kupokea simu usiku wa manane. Watu humsifu kwamba ana moyo, kumbe ndiye wa kwanza kuanguka. Nunua simu moja ya kazi, ipokezanwe kwa zamu, na vocha ilipwe na mradi, si mfukoni mwake.

Mtu akisema anataka kujiua, mshauri asiahidi siri: mmoja abaki naye, mwenzake apige kwa msimamizi palepale. Na mshauri ambaye ndugu yake amewekwa kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa, mpumzishe bila kumkata posho. Ukiikata, ataficha.