Mikono kwanza, cheti cha kampuni baadaye: kwa mnaoanza kazi ya urembo

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, na ninyi mnaojifunza kazi moja kwa moja saluni, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Dada, nikasomee bidhaa za kampuni gani ili nipate kazi haraka?" Naelewa linatoka wapi. Kila ukifungua simu unaona mtu ameshika cheti chenye nembo ya dhahabu, amesimama na wenzake kwenye ukumbi wa hoteli, begani ana mfuko wa sampuli. Anayetafuta kazi Sinza au Kariakoo akiona hivyo anaamini bila karatasi ile hakuna atakayempokea.

Nimeajiri na kufundisha mafundi kwa muda mrefu, na jibu langu ni lilelile. Tafuta mikono kwanza, na tabia iende pamoja nayo. Bidhaa utafundishwa hapohapo kazini. Fundi anayeijua ngozi namwelekeza krimu mpya mchana mmoja, jioni anaitumia vizuri. Aliyekariri bidhaa zote za kampuni moja lakini hajui kushika mguu wa mteja, huyo sijui nianzie wapi.

Nikimjaribu mtu mpya simpi fesho ya gharama wala kucha za mitindo. Nampa pedikyua ya kawaida, nakaa pembeni natazama. Je, amenawa mikono kabla ya kumgusa mteja? Ameangalia katikati ya vidole kama kuna fangasi? Ameuliza kama mteja ana kisukari? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu. Maji yakimuunguza hasikii, wembe ukimkata kisigino hasikii, na kidonda chake kinachelewa kupona. Fundi anayelijua hilo anapima maji kwa mkono wake mwenyewe, anaweka wembe kando, anakata kucha kwa kunyoosha bila kuchimba pembeni. Hakuna chupa itakayomfanyia hayo.

Halafu naangalia vifaa anavirudisha wapi. Saluni nyingi zina kile kiboksi chenye taa ya bluu, na wengi wanaamini mkasi ukilala humo umeshatakaswa. Kiboksi kile kinafaa kuhifadhia kifaa ambacho tayari ni safi. Kifaa cha chuma kilichogusa damu husuguliwa kwanza kwa sabuni na brashi, kisha kinaingia kwenye mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Ukilijua hili moyoni, huhitaji bosi akusimamie.

Kwenye waksi ndiko mikono inapojulikana kabisa. Waksi nzuri kwenye mkono mbaya inachubua, na waksi ya bei ya kawaida kwenye mkono mzuri inatoa nywele safi. Unajaribu joto lake kwa ndani ya kifundo cha mkono wako. Unaipaka kufuata nywele zinavyolala, safu nyembamba. Mkono mmoja unaivuta ngozi ikae imara, mwingine unavuta kitambaa kurudi kinyume, ukikwenda sambamba na ngozi. Usivute kuelekea dari; ukivuta juu unanyanyua ngozi na kukata nywele katikati. Papo hapo unaweka kiganja pale ulipovuta, ukikandamiza kidogo, na maumivu yanatulia. Yote haya yanakaa mkononi kwa kurudiarudia. Na kabla hujagusa uso wa mtu unamuuliza kama anatumia dawa za chunusi au krimu zenye retinoli, kwa sababu ngozi ya namna hiyo inaweza kutoka pamoja na waksi.

Kitu kingine ambacho mafunzo ya bidhaa huwa yanakipita haraka ni ngozi yetu yenyewe. Vitabu vingi vya kampuni vinatoka Ulaya au Marekani, na vinakuambia: ukiona wekundu, ondoa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachokiona ni sehemu kuiva na kuwa nyeusi zaidi au kuvimba kidogo. Ukigusa unahisi joto, na mteja anasema inachoma. Ukingoja wekundu umechelewa, na ngozi yetu ikikerwa inalipiza kwa alama nyeusi zinazoweza kukaa miezi. Kwa hiyo kidole chako na mdomo wako vifanye kazi wakati wote: gusa, uliza, gusa tena.

Na sisi wa pwani tuna swali letu ambalo ni nadra kulikuta kwenye vitabu hivyo: "Umewahi kupaka piko ikakuwasha au ikakutoa malengelenge?" Piko nyingi ni rangi ya nywele iliyohamishiwa kwenye ngozi, na ndani yake mna PPD, kemikali inayotoa rangi nyeusi. Mwili ukishaikataa PPD, huendelea kuikataa. Bi harusi aliyevimba mkono kwa piko miaka iliyopita anaweza kuvimba uso mzima siku utakapompaka rangi ya nywele ya boksi. Akijibu ndiyo, rangi yenye PPD usimpake, hata kwa kumjaribu. Akijibu hapana, bado unampaka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kusubiri saa 48. Masomo wa Zanzibar, yaani makungwi wanaowasinga maharusi kwa liwa, karafuu na mawardi hawakupewa cheti na kampuni yoyote, lakini mtazame somo mzoefu anavyopitisha kiganja begani kwa mwali: anasoma ngozi kabla hajaipaka kitu. Huo ndio ujuzi ninaousema.

Sisemi mafunzo ya bidhaa hayana maana. Kuna mahali ukiyapuuza utaumiza watu. Kucha za jeli ni mfano mzuri: kila jeli ina taa yake na muda wake, na jeli isiyokauka sawasawa ikigusa ngozi inaweza kumletea mteja aleji ya kudumu. Asidi za kumenyulia uso nazo, asilimia na muda vina maana kubwa. Hapo kaa chini, sikiliza, andika. Ila ujue bidhaa zinakuja na kuondoka. Mwezi Septemba 2025 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TPO, kiambato cha kusaidia jeli ikauke chini ya taa kilichokuwa kwenye jeli nyingi za kucha, na watengenezaji wakalazimika kubadili michanganyiko. Aliyeelewa jeli inakaukaje aliendelea na kazi. Jifunze kusoma orodha ya viambato nyuma ya chupa: vinapangwa kuanzia kilichomo kwa wingi, na ukizoea majina kumi na mawili hivi, chupa ya kampuni yoyote inasomeka.

Kusoma huko kutakulinda pia na mkorogo wa kuchubua ngozi. Hidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mteja atakuja na kopo lake lisilo na lebo, atakuomba umpake, na pengine bosi atakutazama kwa jicho la "usinipotezee mteja". Kataa kwa adabu. Mwambie, "Dada yangu, hii siwezi kukupaka kwa sababu sijui ndani kuna nini, ila ngoja nikuonyeshe ninachoweza kukufanyia." Nimeona wateja wakinuna, wakaondoka, kisha wakarudi na mama zao.

Tabia ninayoitaka ni hiyo, na watu wanaichanganya na kutabasamu. Kutabasamu ni vizuri, lakini tabia ni kumwambia bi harusi anayetaka kumenywa uso siku tatu kabla ya sherehe kwamba hapana, tulipaswa kuanza mwezi mmoja uliopita, kwani ngozi hujibadilisha kwa takriban wiki nne. Ni kutomuuzia mama mwenye ngozi kavu seramu ya chunusi kwa sababu tu una kamisheni juu yake. Ni simu kubaki kwenye droo. Na ni mdomo kufungwa: mteja akilala kwenye kitanda cha masaji anakuambia mambo ya ndoa yake, na aliyeketi foleni nje ni shemeji yake. Saluni nyingi nzuri zimekufa kwa umbea, bidhaa zikiwa bado zimejaa kwenye rafu.

Basi mwaka wa kwanza upange hivi. Kama una uwezo, pata cheti cha ufundi kinachotambulika, cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa Tanzania, au mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa walioko Kenya, kwa kuwa kinakufuata popote hata kampuni ikifunga. Kisha omba kukaa karibu na fundi mzoefu, ufagie, uoshe vifaa, umtazame mikono. Jizoeze kwa dada zako na majirani. Andika daftari la kila mteja: ngozi yake, ulichopaka, ilivyojibu.

Ukialikwa kwenye mafunzo ya kampuni, nenda, na uende na maswali. Asidi hii ni asilimia ngapi? Mjamzito anaruhusiwa? Mteja akiungua, hatua ya kwanza ni ipi? Imesajiliwa TBS? Mna picha za ngozi nyeusi, kabla na baada ya wiki sita? Mkufunzi mzuri atafurahi na atakujibu moja moja. Akikuambia bidhaa yao haina madhara kwa mtu yeyote, pokea sampuli, mshukuru, na usimpake mteja mpaka wewe mwenyewe uwe umeisoma lebo yake hadi mwisho.