Maswali ya Wasomaji: Silaha Halisi na Bandia Ndani ya Gari

SWALI: Mimi ndiye msimamizi wa vifaa katika kikundi cha maigizo. Mchezo tunaouandaa una bastola na bunduki, zote bandia, ambazo huzisafirisha kwa gari langu kwenda na kurudi mazoezini. Wenzangu husema ninajisumbua bure kuzifungia sandukuni, maana haziwezi kufyatua chochote. Je, sheria inanihusu? Na askari akinisimamisha, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hujisumbui bure hata kidogo, na ningependa wenzako wasome jibu hili pamoja nawe. Kwamba bastola haifyatui ni jambo unalolijua wewe uliyeishika mkononi, ukahisi wepesi wake na kuona jinsi mtutu wake ulivyozibwa. Askari anayelikaribia dirisha la gari usiku akiwa na tochi halijui hilo. Yeye huona umbo, rangi nyeusi na kitako, na hulazimika kuamua kwa hayo anayoyaona. Kwa sababu hiyo, silaha bandia isafirishwe kwa tahadhari zile zile anazotakiwa kuzifuata mwenye silaha halisi.

Mnamo Novemba 22, 2014, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa katika bustani ya umma na bastola bandia ya kurusha vidonge vya plastiki. Mtu aliyewapigia polisi simu alisema kwamba huenda silaha ile ni bandia, na kwamba aliyeishika huenda ni mtoto, lakini maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, mmoja wao alimpiga risasi katika muda wa sekunde mbili hivi, naye akafariki siku iliyofuata. Nalitaja tukio hili kwa uchungu, kwa sababu habari ambayo ingeweza kumwokoa mtoto yule ilikuwepo, ila haikuwafikia waliohitaji kuijua.

Bastola ile haikuwa na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, ambayo sheria ya Marekani ya 1988 inataka iwekwe kwenye bunduki za kuchezea. Hata hivyo, usiitegemee alama hiyo kupita kiasi. Wapo wahalifu waliowahi kuipaka rangi hiyo silaha halisi, na askari wanalifahamu jambo hilo.

Kuhusu sheria, nchi hutofautiana sana, na inakupasa kuuliza katika kituo cha polisi cha eneo lako kabla ya safari, si baada ya kukamatwa. Nchini Uingereza, kwa mfano, kuwa na silaha bandia mahali pa umma bila idhini halali au sababu ya maana ni kosa, na ni juu ya aliyeibeba kuithibitisha sababu hiyo. Sheria yao ya 2006 ilipiga marufuku kuuza bandia zinazofanana mno na silaha halisi, ingawa iliacha nafasi kwa makumbusho, maigizo na filamu. Wewe kama mtu wa maigizo sababu unayo, lakini sababu isiyo na karatasi ni ngumu kuieleza usiku kando ya barabara.

Basi omba barua ya kikundi yenye jina lako, jina la mchezo, mahali pa mazoezi na nambari ya simu ya kiongozi, uiambatanishe na picha ya kila kifaa. Barua hiyo usiiweke ndani ya sanduku la silaha, kosa ambalo watu makini hulifanya mara nyingi, kwa sababu askari akikuomba uthibitisho utalazimika kulifungua sanduku mbele yake ili uupate. Iweke kwenye mfuko wa mlango au juu ya kinga-jua, mahali ambapo mkono unaonekana ukienda na kurudi. Sanduku lenyewe liwe gumu, lenye kufuli, na likae kwenye buti. Vifaa vitiwe humo mkiwa bado ndani ya jengo, kwa maana mpita njia anayeona bunduki ikihamishwa kutoka mkono hadi mkono kwenye maegesho ana kila haki ya kuwaita polisi.

Ukisimamishwa, egesha mahali palipo wazi, zima injini, washa taa ya ndani kukiwa na giza, shusha kioo, kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani. Usishuke wala usiinamie kitu chochote. Akikuuliza umebeba nini, au akitaka kulipekua gari, maneno yatangulie mikono: “Afande, kwenye buti kuna sanduku lililofungwa, lenye vifaa vya maigizo vinavyofanana na silaha. Barua ya kikundi iko kwenye mfuko huu wa mlango. Je, niitoe?” Angalia kwamba sentensi ya kwanza haikuanza na neno bunduki, kwa kuwa neno hilo likitangulia peke yake huenda yanayofuata yasisikilizwe. Akitaka buti lifunguliwe, mpe ufunguo na usimame pale atakapokuelekeza, wala usilitoe sanduku mwenyewe kwa nia ya kumsaidia.

SWALI: Nina leseni ya bunduki ya kulengea shabaha na huibeba kwa gari hadi uwanjani. Je, nimwambie askari mara tu anaponisimamisha, au nisubiri aniulize?

JIBU: Hapa sheria ya mahali ulipo ndiyo inayotawala. Hata ndani ya Marekani peke yake majimbo hayaafikiani: yapo yanayomtaka mwenye silaha aseme mara moja, na yapo yanayomtaka ajibu anapoulizwa tu. Kokote uliko, bunduki isafiri ikiwa tupu, magazini (kihifadhi cha risasi) ikiwa imetolewa, chemba (sehemu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) ikiwa imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi zikiwa mahali pengine. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1986, inayomlinda msafiri anayevuka majimbo akiwa na silaha halali, inataka silaha iwe haina risasi na isifikike kwa urahisi kutoka alipoketi. Kama gari halina buti lililotengwa na viti, sheria hiyo inataka silaha ifungiwe ndani ya kasha, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiwi kuwa kasha. Kumbuka pia kwamba leseni ya nchi moja kwa kawaida haivuki mpaka.

Sitakudanganya kwamba adabu ni kinga kamili. Mnamo Julai 6, 2016, Philando Castile alisimamishwa na polisi katika jimbo la Minnesota. Alikuwa na kibali, akamweleza askari kwa upole kwamba anayo silaha, na muda mfupi baadaye askari yule akampiga risasi na kumuua, huku Castile akisema kwamba hakuwa akiitoa silaha hiyo. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 akaachiwa huru. Castile hakukosea kusema ukweli, na lawama ya kifo chake haimhusu. Ninachokichukua katika kisa hicho ni hatari ya mambo mawili kukutana katika dakika ile ile, yaani kutajwa kwa silaha na mkono kuifuata leseni. Kwa hiyo leseni ya udereva na kibali viwe mbali na silaha, na baada ya kuitaja silaha mikono ibaki palepale hadi uelekezwe kwa maneno yaliyo wazi. Agizo usilolielewa, omba lirudiwe kabla hujasogea.

Ukiona umeonewa, usibishane kando ya barabara huku silaha ikiwa ndani ya gari. Sema kwa utulivu kwamba hukubali kupekuliwa, ikiwa sheria yako inakupa haki hiyo, bila kumzuia askari kwa mwili wako, kisha nenda kwa wakili. Silaha ikichukuliwa, omba hati inayoonyesha nambari yake na jina la kituo inakopelekwa.

SWALI: Nimemwazima ndugu yangu gari, halafu nimekumbuka kwamba bastola bandia ya mwanangu imebaki chini ya kiti cha dereva. Nifanyeje?

JIBU: Mpigie simu sasa hivi, na kama anaendesha, mwombe aegeshe kwanza ndipo umweleze. Kisha aihamishie kwenye buti ndani ya mfuko usioonyesha kilichomo. Akiwa tayari amesimamishwa na polisi, asiiguse kabisa, bali aseme tu kwamba chini ya kiti kuna kitu cha kuchezea cha mtoto chenye umbo la bastola, mikono ikiwa juu ya usukani. Ingekuwa silaha halisi jibu langu lingekuwa kali zaidi, kwa sababu leseni ni yako wewe peke yako, na kwa sheria za nchi nyingi ndugu yako angehesabiwa kuwa amebeba silaha bila kibali hata kama hakujua kwamba imo.