Jeshi lenye brigedia tu, jenerali wao yuko wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna jamaa hapa kijiweni Mbagala anabisha eti jeshi la Malta mkubwa wao ni brigedia, hakuna jenerali hata mmoja. Inawezekana kweli? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Kaka huyo jamaa mpe soda yake, yuko sahihi. Cheo kinaenda na idadi ya watu unaowaongoza, na Malta jeshi zima ni kama watu elfu mbili hivi, sasa jenerali wa nyota nne aongoze nini? Kwa hiyo brigedia ndo bosi, na nchi kavu, majini na angani vyote viko chini yake, tena hata wa kwenye boti wanatumia vyeo vya nchi kavu, utakuta luteni kanali anaongoza kikosi cha majini. Huku kwetu JWTZ ni kubwa, ndo maana Mkuu wa Majeshi ni jenerali kamili na chini yake kuna luteni jenerali, meja jenerali, halafu brigedia jenerali. Jamaika ndo wamenifurahisha zaidi, tangu 2022 mkuu wa majeshi ni mama Antonette Wemyss Gorman, mtu wa majini, na makanali wa nchi kavu wanampigia saluti.