Maswali ya Wasomaji: Jukwaa Jipya Linapataje Watu?

Tumezindua programu ya video fupi. Matangazo yameleta maelfu ya watu, lakini baada ya wiki moja wengi hawaonekani tena. Tatizo liko wapi?

Mmewatawanya. Hesabu wanayoipenda wenye majukwaa inasema watu 10 wana jozi 45 zinazowezekana, na watu 100 wana jozi 4,950. Kwa hiyo thamani ya mtandao hupanda haraka kuliko idadi ya watu. Ni kweli, ila jozi hizo ni za kwenye karatasi. Mpika keki na fundi pikipiki hawana la kuambiana hata wakiwa kwenye programu moja. Facebook ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard peke yao, mwezi uliofuata ikaingia Columbia, Stanford na Yale, na ilipofika Septemba 2006 ndipo ikafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na zaidi. Kila chuo kilikuwa tayari kundi la watu wanaotafutana.

Basi simamisheni matangazo, mchague kundi moja lenye shughuli moja: wachora katuni, kwa mfano, au walimu wa hisabati. Kisha wapimeni peke yao waliojiunga katika wiki moja ile ile: wangapi wamerudi wiki ya 2, ya 4, ya 8? Idadi ikishuka halafu ikatulia, mna kiini cha watu wanaobaki. Ikishuka hadi sifuri, kuongeza matangazo ni kutia maji kwenye pakacha.

Kuna kipimo cha pili, na sisi tunakiamini zaidi: kati ya video 100 za watu wapya, ngapi zimepata maoni ya binadamu halisi ndani ya saa 24? Aliyepandisha video yake ya kwanza hufungua simu kila baada ya dakika chache usiku huo. Akikuta kimya, pengine atajaribu ya pili. Ya tatu msiitegemee. Mwanzoni jibuni wenyewe, kwa majina yenu, na kwa maneno yanayoonyesha kwamba mmeitazama video. “Safi sana” haitoshi.

Tuna fedha kidogo. Tukimlipa mtu mashuhuri, wafuasi wake si watamfuata?

Wachache, na kwa muda. Microsoft ilimvuta Ninja, nyota wa kucheza michezo ya video mubashara, kutoka jukwaa la Twitch kwenda jukwaa lake la Mixer Agosti 2019, Oktoba ikamvuta na nyota mwenzake Shroud. Mixer ilifungwa Julai 22, 2020. Fedha ilihamisha nyota. Mazoea ya watazamaji na marafiki wanaopiga nao soga vilibaki kule kule.

Fedha hiyo hiyo igawieni watu kama 20 wenye umaarufu wa kati, wa fani moja, wenye kawaida ya kujibizana, na mlipe kwa kazi iliyopandishwa, si kwa jina. Angalieni pia namna ya kugawa. Mfuko usiobadilika wa 10,000 ukigawiwa sawa kwa watu 100, kila mmoja anapata 100. Wakifika 1,000, kila mmoja anapata 10. Jukwaa linakua huku waliolijenga wakipunjika, na hao ndio wenye sauti ya kulalamika. Mgawo wa mapato ya matangazo, aina ambayo YouTube iliianza 2007, huanza kidogo lakini hukua pamoja na watazamaji. Kutolipa kabisa nako kuna gharama yake: Vine, programu ya video fupi iliyozinduliwa Januari 2013, haikuwapa watengeneza video wake mgawo kama huo. Wengi wakahamia kwingine, na Oktoba 2016 ikatangazwa kwamba inafungwa.

Mtu wa kwanza kabisa anafaidi nini wakati hakuna mwenzake?

Anafaidi kifaa. Instagram ilipotoka Oktoba 2010, ilipendezesha picha ya simu na kuituma moja kwa moja Facebook na Twitter; ulifaidika hata bila mfuasi mmoja. Jiulizeni programu yenu ingetumika kufanya nini kama ingekuwa na mtumiaji mmoja tu. Jibu likikosekana, rudini mezani. Likipatikana, ruhusuni kazi itoke nje ikiwa na alama yenu ndogo pembeni: kila inaposhewa inawatangaza bure. Kuifungia ndani ili “watu waje kwetu” ni kosa la kawaida, hasa kwa wenye jukwaa ambalo bado halina watu.

Vipi tukianza na akaunti bandia?

Waanzilishi wa Reddit, tovuti ambayo watu huweka viungo vya kurasa za mtandaoni na kuvijadili, walifanya hivyo mwaka 2005, wakaweka viungo kwa majina ya kubuni, na baadaye wakasimulia hadharani. Lakini viungo vile vilikuwa vya kweli na msomaji alipata cha kusoma. Laiki bandia ni jambo jingine. Mtengeneza video anaona laiki 300, anauliza swali, hakuna anayejibu, ameshajua. Pandisheni kazi nzuri kwa akaunti yenye jina la jukwaa, na laiki ziacheni zije zenyewe, hata zikiwa nne.