Ujaze nini kwenye pipa la kung'arishia vito: chuma, plastiki au magunzi

Kamwene dada. Nimesoma swali lako na majibu ya wakuu waliotangulia. Umesema uko Iringa mjini, unatengeneza hereni za waya wa shaba, bangili za brasi na pete chache za fedha, na umepata mashine ndogo yenye pipa la mpira linalozunguka. Unataka kujua ujaze nini ndani, kama mchanga wa Ruaha Mdogo au misumari iliyokatwa inaweza kukuokolea gharama ya kuagiza, na kwa nini bangili zako zimetoka zinang'aa lakini zimejaa vishimo vidogo vidogo. Mwishoni ukauliza kuhusu pete zenye mawe.

Mimi ni sonara hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Kazi yangu kubwa ni dhahabu na fedha. Huku kwetu dhahabu ya Lupa kule Chunya imechimbwa tangu miaka ya 1920, lakini vifaa vya kumalizia kazi bado tunaviagiza mbali, kwa hiyo swali lako ni letu sote.

Wengi wamekutajia vitu vya kununua bila kukuambia kila kimoja kinafanya nini ndani ya pipa. Hapo ndipo pesa inapopotea. Kila kitu utakachojaza kinafanya moja ya kazi mbili: ama kinakwangua, ama kinalaza. Kinachokwangua kinaondoa madini kidogo kidogo, na mikwaruzo inaondoka pamoja nayo. Kinacholaza hakiondoi chochote, kinagonga na kusugua ngozi ya madini mpaka inakuwa laini na kuakisi mwanga. Kabla ya kuagiza chochote, shika bangili yako mkononi, iangalie juani, ujiulize: hii inahitaji kukwanguliwa au kulazwa?

Chuma, yaani gololi na vijiti vidogo vya chuma vya kujazia pipa, kinalaza. Ndiyo maana nasema wazi kwamba chuma hakifuti alama ya tupa. Ukiingiza pete yenye mikwaruzo utatoa pete inayong'aa yenye mikwaruzo ile ile, tena sasa inaonekana vizuri zaidi. Ni hivyo hivyo kwa lile doa la kijivu au zambarau ambalo fedha ya 925 hulipata ukiichoma moto sana. Fedha hiyo ina sehemu 92.5 za fedha kwa mia, na kinachobaki kwa kawaida ni shaba. Doa lile ni shaba iliyoungua chini ya ngozi. Chuma kitalipitia juu yake siku nzima bila kuliondoa. Hilo ni la msasa, au la kuzuia mapema kwa boraksi kabla hujalehemu.

Sasa bangili zako. Kwa maelezo yako umejaza gololi kubwa za chuma peke yake, bangili ni bapa na pana, na brasi ilikuwa imetoka kuchomwa ikawa laini. Gololi nzito ikiangukia uso mpana ulio laini inaacha kishimo. Kwenye waya au kwenye pete yenye nakshi huwezi kukiona, lakini kwenye uso bapa unakiona mara moja. Punguza ukubwa wa gololi, jaza pipa lifike nusu au theluthi mbili ili vitu viteleze badala ya kuanguka, usiweke bangili nyingi kwa pamoja zikagongana zenyewe, na uso ule upitishe msasa mpaka namba za juu kabla haujaingia. Kwa kipande kipana kabisa, ushauri wangu ni kukimalizia kwa mkono au kwa gurudumu la kitambaa. Pipa halifai kila kazi, na bangili bapa ni mojawapo ya kazi linazozifanya vibaya.

Halafu kuna suala la umbo. Gololi inagusa kwa nukta moja tu na haiingii kwenye pembe. Ndiyo maana chuma kizuri cha kazi hii huuzwa kikiwa mchanganyiko: gololi ndogo, vipini, yaani vijiti vifupi vyembamba vinavyoingia kwenye nakshi, na vile vyenye mkanda katikati vinavyofika kwenye kona. Kwa hereni zako za waya uliosukwa, vipini ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa. Ila angalia matundu yako: kipini kikilingana na tundu kinakwama humo na utakitoa kwa sindano huku unahema. Kwa pipa dogo la kilo moja na nusu hivi, kilo moja ya chuma inatosha.

Kuhusu gololi za beringi, hizo zinafaa kwa kiasi fulani. Pale soko la Sido hapa Mbeya na kwa mafundi baiskeli wa Iringa utazipata: za gurudumu la mbele huwa na kipenyo cha karibu milimita 4.8 na za nyuma 6.35. Ni chuma kigumu kilichosuguliwa vizuri, kwa hiyo zinalaza sawasawa. Chukua za mbele, uache zilizotumika mpaka zikatoboka-toboka, maana kila kidonda kilichoko kwenye gololi kitahamia kwenye fedha yako. Zioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni mpaka grisi yote iishe. Ubaya wake ni mawili: ni duara tupu, na zinashika kutu.

Misumari iliyokatwa, hapana kabisa. Kila ulipokata pana ukingo mkali, na ukingo huo ni tupa ndogo inayozunguka na pete yako.

Kutu ni jambo la kuliogopa huku Nyanda za Juu. Mvua zetu ni ndefu, na wenzetu wa Tukuyu karibu hawajui kukauka ni nini. Chuma cha kawaida lazima ukihifadhi ndani ya maji yenye magadi ya soda, au ukikaushe kikauke kweli kweli. Kikiota kutu kikapata vidonda, hakirudi tena. Ukiweza kujinyima, nunua stenlesi tangu mwanzo, kwani hukaa miaka mingi. Kuna muuzaji mmoja aliniletea mfuko ulioandikwa stenlesi na haukuwa stenlesi, kwa hiyo mimi hupima. Wengi hupima kwa sumaku, lakini sumaku inadanganya, kwa sababu zipo stenlesi zinazovutwa na sumaku na bado ni halali. Funga punje chache kwenye kitambaa chenye maji ya chumvi, uache usiku kucha. Asubuhi kutu itakwambia yenyewe.

Maji yafunike chuma na yazidi kidogo tu, kama upana wa kidole. Weka matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, isiyo na limau wala klorini. Asidi hula chuma, na klorini haipatani na fedha wala stenlesi. Asubuhi za Juni tumia maji ya uvuguvugu, sabuni itafanya kazi vizuri zaidi. Na vito vikitoka kwenye asidi ya kusafishia baada ya kulehemu, vichovye kwenye maji yenye magadi ya soda kabla ya kuviingiza. Asidi iliyojificha kwenye kiungo kimoja inatosha kutia weusi pipa zima. Kwa saa moja mpaka tatu kazi ya kawaida huwa imekamilika. Maji yakigeuka kijivu, mwaga, suuza, weka mengine. Faida nyingine ya chuma ni kwamba huikaza kidogo ngozi ya madini: vishikio vyako vya hereni vya waya mwembamba vitatoka vimesimama vizuri. Usitegemee hivyo kwa kitu kinene.

Vya kukwangua ni vile vipiramidi vya plastiki vyenye unga wa kusagia ndani yake, na pembetatu za kauri. Plastiki ni nyepesi na ya upole, ndiyo ninayoipendekeza kwa fedha na shaba. Kauri ni nzito na inakula haraka, mimi naitumia kwa vipande vinene vilivyotoka kwenye kalibu tu. Ukitoa vito kwenye hivi vitakuwa vimefifia, na ndivyo inavyotakiwa. Mng'ao utaletwa na chuma baadaye. Lakini osha vito vizuri katikati ya hatua hizo mbili, na kama unaweza uwe na mapipa mawili. Unga wa kusagia ukiingia kwenye chuma chako, kila kitu utakachong'arisha baada ya hapo kitatoka na ukungu. Kama mashine yako uliinunua kwa mtu aliyekuwa anasugua mawe, pipa lake lisiguse vito.

Mchanga wa Ruaha umo kwenye kundi hili la kukwangua. Sehemu kubwa ya mchanga wa mto ni kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na fedha na dhahabu ziko kati ya 2.5 na 3. Utakwangua, naam, lakini punje zake hazilingani, kwa hiyo mikwaruzo nayo haitalingana, na huwezi kurudia matokeo ya jana. Uache mtoni.

Sasa nije kwenye kitu tulichonacho sisi kuliko wauzaji wote wa mtandaoni: magunzi. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa hutumika duniani kote kumalizia vito kavu kavu, yakiwa yamechanganywa na unga mwekundu wa kung'arishia, na sisi Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma tunayachoma jikoni kila siku. Yanayofaa ni ile sehemu ngumu ya katikati, iliyo kama mti. Moyo mwepesi wa ndani kabisa na makapi ya nje vitupe, vinaleta vumbi tu. Yaanike mpaka yavunjike kwa mlio, twanga kwenye kinu, kisha chekecha mara mbili: chekeche la kwanza kuondoa vipande vikubwa, la pili kuondoa vumbi. Unachotaka ni punje za ukubwa wa chenga za mchele. Vito viingie vikavu na bila mafuta, vifunikwe kabisa na punje, vizunguke kwa saa nyingi, hata usiku mzima. Pipa lisiwe na unyevu wowote. Vaa barakoa unapochekecha na unapofungua.

Magunzi hayaondoi mkwaruzo na hayachukui nafasi ya chuma. Yanaongeza ule mng'ao wa mwisho wenye kina, hasa kwenye dhahabu, na mimi sitoi pete ya harusi bila kuipitisha humo. Yanafaa pia kukaushia vito vilivyotoka majini. Watu wa Mafinga hutumia vumbi la mbao kukaushia, lakini misonobari ya Sao Hill ina utomvu na utomvu unaganda kwenye fedha. Kama ni vumbi la mbao, tafuta la mti mgumu usio na utomvu.

Kuhusu mawe: ng'arisha kwanza, panda jiwe baadaye, hiyo ndiyo salama kuliko zote. Ikibidi kuingiza pete yenye jiwe, yakuti ya Tunduru isiyo na ufa inastahimili chuma, kwani ugumu wake ni 9. Usiingize tanzanite, ambayo hupasuka kwa kugongwa, wala opali, lulu, feruzi au kaharabu. Kwenye kauri na plastiki ya kukwangua usiingize jiwe lolote, hata yakuti, kwa sababu unga wa kusagia uliomo mara nyingi una ugumu ule ule wa 9. Na kila pete yenye jiwe ikitoka, tikisa karibu na sikio na ujaribu kucha za kushikilia jiwe kabla hujamkabidhi mteja.

Weka hapa picha ya bangili mojawapo, kwa karibu na kwenye mwanga wa dirishani. Kama vishimo ni vya gololi, msasa utavitoa. Kama vilikuwamo tangu kwenye bamba la brasi, tutazungumza namna nyingine.